Kushuka, kushushwa au kuchakaa: neno lipi thamani inapopungua?

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilinipa taarifa yake ya hesabu niitafsiri. Mkaguzi alikuwa ameiandika kwa Kiingereza, na wanachama walitaka kuisoma wenyewe kabla ya mkutano mkuu. Chini ya matumizi kulikuwa na mstari mmoja: "depreciation", shilingi 7,200,000. Nikaandika "kushuka kwa thamani". Sikufikiri mara mbili, maana ndivyo nilivyokuwa nikiandika kwenye habari za uchumi kila wiki.

Siku ya mkutano mama mmoja akasimama, karatasi yake imekunjwa mara nne, kidole kimebaki kwenye mstari ule ule. "Mwanangu mhasibu," akasema, "shilingi ikishuka hatuna la kufanya, hilo tunalijua. Lakini hii milioni saba na laki mbili, kalipwa nani?" Ukumbi ukanyamaza, kisha ukavuma. Mhasibu akaeleza kwamba hakuna aliyelipwa, kwamba zile ni hesabu za lori. Mzee wa nyuma akauliza lori limeshuka kutoka wapi. Ilichukua karibu saa nzima watu kutulia, na wengine walitoka mle wakiamini kuna fedha imeliwa. Kosa lilikuwa langu. Neno nililochagua lilikuwa la soko la fedha, na mstari ule ulikuwa wa gereji.

Tangu hapo sitafsiri neno hilo bila kwanza kuuliza kinachozungumziwa ni nini: noti, chombo, au mtu.

Kiingereza kina maneno mawili yanayosumbua hapa. "Devaluation" ina kazi moja kubwa: serikali au benki kuu inatangaza kwamba kuanzia leo fedha yake itabadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko jana. "Depreciation" ina kazi mbili zisizofanana hata kidogo: fedha kupoteza thamani yenyewe sokoni, na mali ya kazi, kama gari, mashine au kompyuta, kupoteza thamani mwaka hadi mwaka kwenye vitabu vya hesabu. Ukitafuta msaada kwenye asili ya maneno hutaupata. La pili limetokana na neno la Kilatini la bei, na la kwanza na neno la kuwa na nguvu au thamani. Sisi bei na thamani tumevichukua vyote viwili kwa Waarabu, na kwao "thaman" ndiyo bei yenyewe, na "bay'" ni kuuza. Kinachosaidia Mswahili kuchagua ni kitenzi.

Imeshuka au imeshushwa?

Ziweke sentensi hizi mbili pamoja:

Shilingi imeshuka thamani.
Shilingi imeshushwa thamani.

Ya kwanza haina mtendaji. Waliotaka dola walikuwa wengi kuliko waliokuwa nazo, mauzo ya nje yalipungua, mafuta yalipanda bei, na shilingi ikateremka. Ya pili ina mtu ndani yake. Yuko waziri au gavana wa benki kuu, kuna tarehe, kuna tangazo. Kiingereza kimelazimika kuweka maneno mawili kuonyesha tofauti hiyo. Sisi tunaimaliza ndani ya kitenzi kimoja, na ndiyo maana inaniuma ninapoona gazeti limeandika "kushuka" mahali ambapo serikali imeshusha kwa mkono wake. Msomaji ananyimwa habari kuu, yaani nani kafanya.

Mfano safi wa kushusha ni wa Uingereza. Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson iliishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo zilikuwa zimeanza kutumia shilingi zao mwaka mmoja tu uliotangulia, hazikufuata. Pauni iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 20 ikawa inabadilishwa kwa shilingi 17 na senti 14. Ukiandika kwamba siku ile shilingi ilipanda, utakuwa umemkosea mtendaji. Shilingi ilisimama palepale ilipokuwa, 7.14 kwa dola. Iliyoshushwa ni pauni.

Kwetu Tanzania mwaka wa kukumbukwa ni 1986. Mwalimu Nyerere alikuwa amevutana kwa miaka na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya sharti la kuishusha shilingi kwa kiasi kikubwa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikashushwa, kutoka takribani shilingi 17 kwa dola hadi takribani 40. Hapo kitenzi ni shusha, na hakuna mjadala. Vivyo hivyo Januari 1994, pale nchi zinazotumia faranga ya CFA, fedha ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati, zilipotangaza kwamba faranga moja ya Ufaransa, iliyokuwa sawa na 50 za CFA, sasa ni sawa na 100. Usiku mmoja, nchi zaidi ya kumi.

Linganisha na Kenya. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 na ushei. Wafanyabiashara walikuwa na hofu kwamba serikali isingeweza kulipa hatifungani, yaani mkopo iliouchukua kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikifika muda wa kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa upya na kuinunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, hofu ikaisha, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Hakuna aliyetangaza 160 wala 130. Kwa hiyo shilingi ya Kenya ilishuka, kisha ikapanda. Anayeandika kwamba "ilishushwa" anamtupia lawama mtu ambaye hakusaini kitu.

Sasa kuna eneo la katikati, na hapo ndipo wahariri hugombana. Tarehe 6 Machi 2024 Misri iliacha kuishikilia pauni yake. Dola iliyokuwa ikiuzwa karibu pauni 31 ikafika karibu 50 siku ile ile. Ethiopia ikafanya jambo la aina hiyo Julai mwaka huo huo, na birr, iliyokuwa takribani 57 kwa dola, katika wiki chache ikavuka 100. Je, zilishuka au zilishushwa? Serikali haikutaja kiwango kipya, kwa hiyo "kushushwa" kunasema zaidi ya kilichotokea. Lakini kusema "imeshuka" kana kwamba ni mvua nako kunamwacha mtoa uamuzi nje. Mimi naandika "imeachiwa": serikali imeiachia birr, nayo ikashuka. Vitenzi viwili, kila kimoja na mwenyewe wake. Ni maneno mawili zaidi, ila msomaji anapata mambo yote mawili yaliyotokea, kwa mpangilio yalivyotokea.

Nigusie pia vitenzi vya vichwa vya habari. Kuna "yaporomoka", "yadorora", "yatetereka", "yayumba". Kuporomoka ni kwa ukuta au ukingo wa mto: kitu kizima kinakwenda chini kwa mara moja. Shilingi iliyotoka 2,510 ikafika 2,525 haijaporomoka. Kuyumba ni kwenda huku na huku, si kwenda chini. Fedha inayopanda Jumatatu na kushuka Jumatano inayumba, na inayoteremka polepole miezi sita haiyumbi. Kudorora nakuachia biashara na uchumi wenyewe. Fedha haidorori, ina kiwango, na kiwango ama kinapanda ama kinashuka.

Asilimia zinazodanganya

Ukishachagua kitenzi sahihi, tarakimu inaweza kukuangusha bado. Novemba 2023 Malawi iliishusha kwacha kutoka takribani 1,180 kwa dola hadi 1,700, na habari zikasema imeshushwa kwa asilimia 44. Shika kalamu. Kutoka 1,180 hadi 1,700 ni ongezeko la asilimia 44, kweli, lakini kilichoongezeka ni bei ya dola. Kwacha yenyewe imepoteza kiasi gani? Aliyekuwa na kwacha 1,700 jana angepata dola 1 na senti 44, leo anapata dola 1. Amepoteza senti 44 katika 144, yaani karibu asilimia 31.

Sasa rudi kwenye CFA. Habari zote zilisema asilimia 50, na zilikuwa sahihi, maana faranga ilibaki na nusu ya thamani yake. Lakini ukiihesabu kwa njia ya Malawi, ya kutazama bei ya fedha ya kigeni, ungesema asilimia 100, na msomaji angedhani faranga imefutika kabisa. Shilingi ya 1986 ni hivyo hivyo: dola ilipanda kwa asilimia 135, shilingi ikapoteza karibu asilimia 58. Fedha haiwezi kushuka kwa asilimia 135. Ukiona hivyo mahali, jua mwandishi amechanganya kilichopanda na kilichoshuka.

Ninavyofanya siku hizi ni kuviandika viwango viwili wazi, "kutoka 1,180 hadi 1,700 kwa dola", na asilimia nikiitaja nasema ni ya nini.

Na mfumuko wa bei?

Mfumuko ni jambo jingine, ingawa ni ndugu. Fedha kushuka ni habari ya nje: shilingi mbele ya dola. Mfumuko ni habari ya ndani: shilingi mbele ya kilo ya sukari. Vinaambukizana, kwa sababu mafuta na ngano hununuliwa kwa dola, lakini si kitu kimoja na haviendi kwa kasi moja. Siku moja baada ya kushusha pauni, Wilson alitokea kwenye televisheni akawaambia Waingereza kwamba pauni iliyo mfukoni mwao haikushushwa. Kwa maana nyembamba alikuwa na hoja, kwani mkate wa asubuhi ile ulikuwa bei ile ile. Watu hawakumwelewa hivyo, na kauli ile ilimfuata miaka yote. Kwa mwandishi wa Kiswahili njia ya salama ni kutosema "thamani ya shilingi" peke yake. Sema "dhidi ya dola", au sema "shilingi inanunua kidogo kuliko mwaka jana".

Uchakavu: neno la lori

Turudi kwenye mstari wangu. Chama kile kilinunua lori la tani kumi kwa shilingi milioni 80. Walikisia litafanya kazi miaka kumi, kisha liuzwe kwa milioni 8. Tofauti ni milioni 72, na ukiigawa kwa miaka kumi unapata 7,200,000 kila mwaka. Fedha ilitoka mara moja, siku lori liliponunuliwa. Mstari ule hautoi senti kwenye kasha. Unasema tu kwamba kahawa ya mwaka huu imelila lori kiasi hiki, kwa hiyo tusijidanganye kwamba faida ni kubwa kuliko ilivyo.

Neno la wahasibu wetu kwa jambo hilo ni uchakavu, na laiti ningeliandika siku ile. Mkulima anajua kuchakaa. Jembe linachakaa, shati linachakaa, na hakuna anayeuliza kalipwa nani. Neno linabeba sababu ndani yake, yaani matumizi na miaka.

Lakini nisilisifu kupita kiasi. Lina upungufu wake, na anayelichagua aujue. Kwanza, kompyuta iliyokaa ndani ya boksi lake miaka minne haijachakaa hata kidogo, na bado imepoteza thamani, kwa sababu imepitwa na wakati. Mhasibu ataiandikia uchakavu vilevile, na msomaji wa kawaida atashangaa. Pili, uchakavu wa vitabuni haufuati hali ya chombo. Lori lililotunzwa vizuri na lililobamizwa kwenye mashimo huandikiwa kiasi kile kile kama yalinunuliwa kwa bei moja na kupangiwa miaka ile ile. Tatu, ardhi kwa kawaida haiandikiwi uchakavu, ila nyumba iliyo juu yake inaandikiwa, hata kama mtaani bei ya nyumba ile inapanda kila mwaka. Kwa hiyo uchakavu ni mgawanyo wa gharama, si kipimo cha bei ya sokoni. Anayetaka kujua lori lake linauzika kwa ngapi amuulize dalali, asifungue mizania, yaani ukurasa wa mali na madeni vitabuni.

Kuna pia namna ya kugawa. Ile ya chama ilikuwa ya mafungu sawa, milioni 7.2 kila mwaka hadi mwisho. Nyingine ni ya salio linalopungua, na ndiyo inayotumika kwa magari katika sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania. Malori makubwa yamo kwenye daraja la asilimia 25, na magari madogo na kompyuta kwenye asilimia 37.5. Lori lile lile la milioni 80 mwaka wa kwanza linakatwa milioni 20, linabaki 60. Mwaka wa pili linakatwa robo ya 60, yaani 15, linabaki 45. Mwaka wa tatu linakatwa milioni 11.25. Makato yanaanza makubwa na kwenda yakipungua. Hii inakaribia zaidi maisha ya gari lenyewe, maana gari hupoteza thamani yake nyingi miaka ile ya mwanzo. Ndiyo maana gari lililotumika Japani miaka saba linafika Mombasa au Dar es Salaam kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuifikiria, kwa sababu mmiliki wa kwanza ameshabeba anguko kubwa. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane, na hapo pia kinachozungumziwa ni uchakavu. Usiseme gari limeshuka thamani kwa sababu ya shilingi, isipokuwa unamaanisha hivyo.

Kuna hali moja ambayo uchakavu hauitoshi. Lori likipinduka, au ghala likiungua nusu, thamani inaondoka kwa pigo moja, si kwa miaka. Wahasibu wa Kiingereza wana neno jingine kwa hilo. Mimi naandika wazi, "hasara ya thamani baada ya ajali", na sijapata aliyeshindwa kuelewa.

Sarafu iliyochakachuliwa

Kuna aina moja ya kale ya kupunguza thamani ambayo Kiswahili cha mtaani kimeipatia neno zuri bila kukusudia. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, kuanzia mwaka 1544, aliamuru sarafu za fedha (yale madini meupe, si pesa) zichanganywe na shaba, zaidi na zaidi, huku zikibaki na sura na jina lile lile. Sarafu zikipita mikononi, ganda la fedha la juu lilikuwa likilika, na mahali pa kwanza kulika ni palipoinuka: pua ya mfalme. Shaba ikaonekana hapo, na watu wakampa Henry jina la utani la pua ya shaba.

Hiyo si kushusha, kwa sababu hakuna tangazo, wala si kushuka. Ni kuchakachua, kama tulivyojifunza kusema Tanzania pale dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, hadi mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Kitu kinauzwa kwa jina lake la zamani, ndani kimepunguzwa. Nikikutana na habari ya wafalme waliochezea sarafu, naandika "walichakachua sarafu" bila wasiwasi, ingawa najua wahariri wengine wanaliona neno hilo la vijiweni. Kwa taarifa ya kiserikali ningeandika "kupunguza madini ya fedha ndani ya sarafu", basi.

Mtu hashuki kama noti

Kiingereza hutumia maneno yale yale kwa watu: kazi ya mtu, mchango wa mwanamke nyumbani, lugha ya kabila fulani, vyote vinaweza "kushushwa thamani". Kwa Kiswahili tafsiri ya namna hiyo inanukia duka la kubadilishia fedha. Sisi tunasema kudunisha, kudharau, kushusha hadhi, kubeza, na kila moja lina uzito wake. Kudharau ni moyoni, kubeza ni mdomoni, kudunisha ni kumfanya mwenzako aonekane duni mbele ya wengine. Anayesema kazi ya mama lishe imedunishwa amesema jambo kamili. Thamani iachie shilingi na mali.

Mwaka uliofuata chama kile kilinipa tena taarifa. Safari hii niliandika: "Uchakavu wa lori kwa mwaka huu (fedha haikutoka): 7,200,000." Mama yule yule alikuwepo, karatasi imekunjwa vile vile. Alisoma, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasimama tena. "Nimeelewa, lori linachakaa na fedha haikutoka. Sasa hiyo milioni saba na laki mbili ambayo haikutoka, mmeiweka wapi, ili likifa tununue jingine?" Mwenyekiti akamtazama mhasibu, na mhasibu akafungua daftari lake. Haikuwa imewekwa popote. Kabla ya chakula cha mchana mkutano ulikuwa umepitisha akaunti mpya.